Penye Katanga, Soma Shaba

Casimir Mwaba alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba mpaka tanuru lenyewe likazimika. Kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia aende nyumbani, aliendelea kwenda kazini na kukaa mbele ya tanuru baridi, kama mtu anayeuguza mgonjwa. Alipochoka alirudi kwake katika mtaa wa Kenya, hapo Lubumbashi, akaanza kuandika kitabu.

Kitabu kilihusu madini yote yanayotajwa katika Biblia. Casimir alikuwa pia katekista wa parokia, na kwa miaka mingi alikuwa amewavumilia mapadri wanaohubiri habari za moto bila kuwahi kuunguza hata nyusi. Kila ukurasa ulikuwa na maelezo chini, kila maelezo yalimtuma msomaji kwenye ukurasa mwingine, na mwishoni kulikuwa na faharasa iliyotishia kukimeza kitabu chenyewe. Majina ya madini aliyaandika yote kwa herufi kubwa: Dhahabu, Chuma, Shaba.

“Mukubwa wa kazi unamuandikaka na lettre kubwa,” alisema. “Na mimi bakubwa bangu ni bale.”

Kitabu cha namna hiyo hakipigwi kwa taipureta. Casimir akaenda kwa Mama Hortense, aliyekuwa na sekretarieti, ofisi ya kupigisha chapa, karibu na soko: chumba kimoja, kompyuta mbili, na betri ya lori kwa ajili ya siku ambazo umeme una shughuli nyingine. Kompyuta ya zamani ilikuwa na programu ya kuandikia ya WordPerfect, iliyoitwa Bluu kwa sababu ya rangi ya kioo chake. Ile mpya ilikuwa na Word na kipanya chake, na wateja walioijua walizungumza na wateja wa Bluu kwa upole, kama waliookoka wanavyozungumza na wale ambao bado.

Kulikuwa na dhehebu la tatu. Rodrigue, mpwa wa Casimir, aliyekuwa chuo kikuu wakati chuo kilipokuwa wazi, alikuja kumwokoa mjomba wake.

“Mjomba, kwa kitabu kama hii, Bluu ni ya kuandikia barua, na ile ingine ni ya kuandikia mialiko ya ndoa. Tumika na LaTeX. Unaandika tu amri, yenyewe inapanga maelezo, faharasa, yote.”

“Na nini?”

“Latex.”

Casimir aliweka miwani mezani. “Rodrigue. Baba ya babu yako alikimbilia pori juu ya latex, ule utomvu wa mpira. Bazungu balikatakata bantu mikono juu ya latex. Leo weye unaniletea latex ndani ya Neno la Mungu?”

“Mjomba, si ile ya mpira…”

“Na ile ya zamani, balisemaka ni ya mpira tu.”

Rodrigue akaondoka.

Zikabaki mbili. Mama Hortense alipendekeza Word, maana ndani yake ukurasa unauona kama utakavyotoka kwenye karatasi. Casimir alitazama, akakubali kwamba ni nzuri. Kisha akaomba aonyeshwe Bluu. Mama Hortense akabonyeza kitufe, na chini ya maandishi zikatokea alama zote zilizofichika: hapa herufi nene zinaanza, hapa zinaisha, hapa kuna maelezo. Casimir alisogea karibu mpaka pua yake ikang’aa bluu.

“Hii,” alisema. “Ile ingine inanionyesha sahani. Hii inanionyesha jiko.”

Mama Hortense alipiga chapa sura baada ya sura, huku Casimir akikaa nyuma yake na kumsahihisha tahajia ya majina ya wafalme wa Ashuru. Wakati huo huo nchi ilikuwa ikipita mikononi mwa watawala wapya. Ilikuwa mwaka 1997. Askari wa zamani walipita wakiikimbilia Kipushi, mpakani, wakivua magwanda njiani. Askari wapya wakaingia mjini na mabuti ya mvua, ingawa mvua zilikuwa zinakwisha. Mwezi uliofuata tuliamka Zaïre tukalala Congo. Jimbo letu, ambalo utawala wa zamani ulikuwa umelipa jina la madini yake, Shaba, likarudishiwa jina lake la kwanza, Katanga. Kwenye vibao vya ofisi rangi mpya ilichuruzika juu ya ile ya zamani.

Habari hizo zilimfikia Casimir kupitia Frère Ephraïm, mtawa aliyekuwa mkuu wa matbaa ya misheni, aliyekuja sekretarieti mwenyewe, kwa miguu.

“Baba Casimir, karatasi yenye imebakia inatosha kitabu yako tu. Bakubwa bapya banaitaka juu ya mabango yabo. Mukiniletea disketi leo, kesho wakikuja watakuta nimeshachapa. Lakini sitaki kuona Zaïre ndani, sitaki kuona Shaba. Matbaa iko na mulango moja tu, na bakikuja kunikamata, mimi siwezi kupita dirishani.”

Jimbo lilikuwa limetajwa karibu katika kila sura, maana Casimir hakuweza kueleza tanuru la Mfalme Sulemani bila kulilinganisha na letu. Mama Hortense hakuogopa. Bluu ilijua kutafuta neno na kuweka jingine mahali pake. Zaïre ikawa Congo bila kelele, jambo ambalo nje halikuwa rahisi hivyo. Ikafika zamu ya Shaba. Taa ya dari ikapepesa mara moja, kama kutoa onyo.

“Baba, inauliza: Confirmer? Oui ao non?”

“Inauliza nini?”

“Confirmation. Kama oui, ndiyo, itasimama kwa kila neno ituulize; kama non, hapana, itabadilisha yote mara moja.”

“Mimi nilipata confirmation, kipaimara, kwa mukono ya askofu,” Casimir alisema, akitazama taa. “Haipewaka mara mbili. Weka non.”

Mama Hortense akaweka non. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Frère Ephraïm alikuwa mtu wa neno lake: kesho yake bakubwa bapya walikuta mashine ina joto na rafu tupu. Kitabu kilitoka kizuri. Faharasa ilikuwa kamili, maelezo yalikuwa mahali pake. Casimir alikifungua barazani kwake akasoma kwamba Musa, kule jangwani, alitengeneza nyoka wa Katanga na kumwinua juu ya mti. Samsoni alifungwa kwa pingu za Katanga. Goliathi alishuka bondeni na chapeo ya Katanga kichwani. Mtume Paulo alionya kwamba mtu asiye na upendo ni kama Katanga inayolia.

Waumini walikinunua kwa kasi ambayo katekisimu haikuwahi kuiona. Waliosita kukinunua waliambiwa na wengine kwamba Katanga iko katika Biblia, na si mara moja. Casimir alikonda. Alikuwa ameandika ili watu waelewe chuma ni chuma na shaba ni shaba. Akachapisha kikaratasi kwenye vipande vya karatasi vilivyokatwa pembeni mwa kitabu, akasimama mlangoni mwa kanisa akigawa. Kilisema: *Penye Katanga, soma Shaba.*

Jioni hiyo hiyo aliitwa kwa afande, mkubwa wa askari wapya.

Afande alitoka Kivu ya Kaskazini na alikuwa na kikaratasi mezani. “Mzee, serikali imesema Katanga. Wewe unaagiza watu wasome Shaba. Nani amekutuma?”

“Hakuna, afande. Ni juu ya nyoka.”

“Nyoka ni nani?” Karani pembeni akaandika: Nyoka.

“Ya Musa.”

“Musa anakaa wapi?” aliuliza karani, kalamu ikiwa tayari.

Afande, aliyekuwa mtoto wa mchungaji, alimnyamazisha kwa mkono. Alikivuta kitabu, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu. Alipofika kwa Goliathi, mabega yake yalianza kutikisika.

“Mzee,” alisema hatimaye, akifuta macho, “kitabu hiki hakina kosa. Kosa liko kwenye kikaratasi. Siwezi kuviachia vyote viwili. Nichome kipi?”

Casimir alitazama kitabu, kisha kikaratasi, ambacho kilikuwa na maneno manne tu, yote ya kweli.

“Kikaratasi,” akasema.

Alichokatazwa kuandika aliamua kukisema. Akaenda kwa wanunuzi, nyumba kwa nyumba, hadi Naviundu, kwa Mama Bénédicte, muuza makaa. Alimweleza taratibu: Wafilisti, kiwanda, bati na shaba vinavyochanganywa.

“Kwa hiyo, mama, Goliathi hakuvaa jimbo kichwani.”

Mama Bénédicte alimpa maji. “Baba, tunakusikia. Lakini na bale bakubwa betu, bale ba zamani na ba sasa, bo banavaaka nini kichwani?”

Casimir alikunywa maji yote, akarudisha kikombe, na nyumba zilizobaki hakuzipitia: aliacha kitabu chake kisomwe kama kilivyo.