Mkamwana wa katuni aliyemkodolea macho baba mkwe

Wakuu, habari za saa hizi. Hii ilinikuta mwenyewe huko Kyela, sijaongeza chumvi.

Enzi za soko huria, kompyuta za mtumba zilipoanza kuingia, niliacha shamba la kokoa la baba kule Makwale, nikapanga chumba mjini, nikawa natengeneza katuni.

Mzee alichukia kwelikweli. Akaniambia, "Nakuja kuiona hiyo kazi yako mara moja tu. Nikikuta upuuzi, unarudi shamba."

Ilikuwa katuni ya mradi wa maji safi. Mkamwana anatoka kuteka maji, ndoo kichwani, baba mkwe anatokea upande wa kulia, mkamwana anampisha.

Kwa wasioijua mila yetu Wanyakyusa: mkamwana hatazamani na baba mkwe. Anatoka njiani, anampa mgongo. Mzee naye anaangalia pembeni.

Mimi nikachora pozi mbili tu za huyo mkamwana, ya kutembea na ya kumpa mgongo. Michoro ya katikati nikaiachia kompyuta ijaze yenyewe. Uvivu, jamani.

Siku chache kabla ya maonyesho ya mradi, ambayo mzee angekuja kuyaona, mke wangu Sekela akaiona. Akapiga kelele, "Baba Tumaini! Huyu mwanamke hana adabu, anamkodolea mkwewe macho!"

Kweli. Kompyuta ilimzungushia upande wa mzee, mwili mzima kwa pamoja kama mlango.

Nikamwomba Sekela ajitwishe ndoo apite uani, nikisema "simama" anaganda. Kumbe macho yanashuka kwanza, mguu unatoka njiani, goti linalegea kwa uzito wa ndoo, ndipo mgongo unafuata. Nikachora kila pozi, nikaziingiza kwa mpangilio, zile kuu kwanza halafu za katikati. Kompyuta nikaiachia vipande vidogo tu.

Maonyesho yalikuwa Matema, ukumbini, mchana. Baba alikaa mbele, mikono kifuani. Sekela alibaki nje, maana mkwewe yumo ndani.

Mkamwana alipotokea kwenye kioo, mimi nilikuwa namtazama baba. Yule mwanamke akashusha macho, na mzee naye akageuza uso, akatazama ukuta mpaka mkamwana alipopita.

Habari ya shamba sikuisikia tena.

Funzo ni hili: panga pozi za mhusika wako mwenyewe, mashine haijui heshima.

Haya, mnaofanya animation, mwageni uzoefu wenu. Mhusika wako gani amewahi kupishwa na mtu mzima?