Dumu la Maji ya Kijani

Nilitumwa Mwanza kwa sababu ghuba yetu, huku Magu, iligeuka kijani na magari ya barafu yakaacha kuja kununua sangara. Biashara huria ilimpa mnunuzi uhuru wa kutokuja. Sisi ilitupa uhuru wa kula sangara asubuhi, mchana na jioni. Wanunuzi walisema wakiletewa neno la mtaalamu kwamba kijani kitakwisha, watarudi. La sivyo, wanahamia Ukerewe. Mwenyekiti wa kijiji alinichagua mimi kwa kuwa siongei, hivyo sitaharibu kitu.

Kiseke, pembeni mwa Mwanza, nilifika jioni kwa shangazi, na dumu la maji ya ghuba aliyoyaomba mtaalamu, Daktari mmoja wa mjini. Alifungua dumu langu, akanusa.

"Haya ndiyo unayompelekea Daktari? Atasema kwetu hakuna wanawake?"

"Ndiyo anayoyataka, shangazi."

"Anasema hivyo kwa adabu tu. Nenda kaoge, Masalu."

Asubuhi dumu lilikuwa na uvuguvugu. Nilidhani ni kwa sababu lililala jikoni.

Mjini, Daktari alinipokea vizuri. Alisomea virusi vya baharini, ng'ambo. Ziwa lilikuwa chini ya dirisha lake, lakini haligusi, anaogopa kichocho.

"Ndani ya maji mna virusi wanaoua mwani, hicho kijani chenu," aliniambia. "Kila kirusi ana kimeng'enya chake, yaani kemikali ya kupasulia ganda la mwani. Kwa vimeng'enya hivyo nawapanga, kama ninyi mnavyoulizana ukoo."

Alidondosha maji yetu kwenye visahani alivyooteshea kijani hicho. Wakiwapo virusi, alisema, yatatokea madoa meupe. Siku zikapita, visahani vikabaki kijani.

"Ajabu," alisema. "Ni kama vimeng'enya vimepikwa. Hivi vikipata moto vinaharibika, kama yai."

Nikakumbuka dumu la vuguvugu. 

"Shangazi aliyachemsha, Daktari."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima yako."

Dumu la pili, nililorudi kulichota Magu, sikulipitisha Kiseke. Safari hii madoa yalitokea, na Daktari akafurahi kama aliyepata mtoto. Virusi wetu walikuwa ukoo mpya, alisema, atakwenda kuwaonyesha ng'ambo. Ilibidi nimkumbushe habari ya sangara.

"Aa, hao. Waambie kijani kitapasuka chenyewe."

Nyumbani nilikuta maji meupe na gari la barafu likipakia. Dereva alisema Ukerewe nako kumegeuka kijani, wangekwenda wapi?

"Mtaalamu anasemaje?" mwenyekiti aliniuliza.

"Anasema kijani kitakwisha."

Mwenyekiti alilitazama ziwa. "Kasoma huyo," alisema.

Nilijifunza kwamba ukweli wa mtaalamu hupanda basi, na huchelewa kama abiria wengine. Nilikusudia kumweleza hivyo shangazi alipokuja kututembelea. Lakini yeye alisimama ufukweni, akayatazama maji yalivyotakata, akanigeukia ameridhika.

"Mmeyachemsha?"