Panya wa Ndege ya Kivita

Jamani, bora niwasimulie mwenyewe, maana Furaha akianza yeye ataongeza chumvi: mwaka 2017, hapahapa Joburg, kuna siku nilitamani sakafu ipasuke inimeze na suti yangu ya kuazima.

Yote yalitokana na neno moja la simu. Nilikuwa mlinzi (ndiyo, sekiuriti, wa kiti na redio ya mkononi) kwenye makumbusho ya silaha za zamani, na nilikuwa nampenda Furaha, msusi wa Jules Street, pale Malvern. Baba yake alipopiga kutoka Lubumbashi akauliza kijana anafanya kazi gani, ulimi ukateleza: "Papa, niko kwenye ndege za kivita." Si uongo kabisa, kiti changu kilikuwa chini ya bawa la moja. Kumbe mzee ujanani alikuwa fundi wa ndege za aina hiyohiyo jeshini, habari ambazo nyumbani hakupenda kuzigusa, hata Furaha hakuzijua.

Miezi miwili baadaye Papa Kasongo akaja kunitazama kabla ya kujibu posa, na kabla hata hajamaliza chai akaomba aione kazi yangu. Ningekiri palepale yangeisha. Nikaazima suti. Na Furaha, kwa kunipenda, akaalika nusu ya kwaya ya kanisa lake waje kunisikiliza.

Basi Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nikamvusha mzee kamba (kamba ileile ninayowafokea watu wasiivuke) nikaanza kuhubiri. Nikasema ndege hii kazi yake ni kupaa haraka na kumzuia adui hukohuko angani, hapo sikukosea, kibao kilisema hivyo. Ila ile sindano ndefu ya puani, inayopima kasi, mimi nikaiita bunduki, na kwaya ikaitikia "eeeh!", nami nikazidi kupaza sauti.

"Inafika juu kwa muda gani?" Papa akauliza kwa upole.

"Kama nusu saa hivi, Papa."

Akakohoa. "Mwanangu, nusu saa adui amekwisha piga mji, amerudi kwao, anakunywa chai."

Watu wakacheka. Mwenye akili angenyamaza. Mzee akasogea kwenye tundu la ubavuni linalovuta hewa, akachungulia. "Na panya? Bado wanatembea?"

Panya! Nikaona sasa nimepata swali la fani yangu. "Hapana Papa, panya wote wamekwisha, niliwawekea sumu mimi mwenyewe!"

Kwaya nzima ikageuka kumtazama mzee. Na kabla hajajibu, filimbi ikalia nyuma yangu, mlinzi mwenzangu Sipho huyo, kwa Kiingereza chake: "Eish, Deo! Wewe sekiuriti unavuka kamba?"

Sekiuriti. Neno hilo hata asiyejua Kiingereza alilielewa. Sikuthubutu kumtazama Furaha. Nikasema tu, "Papa, nisamehe. Mimi nalinda mlango."

Mzee alikuwa ameweka kiganja kwenye ubavu wa ndege. "Zetu tuliziacha nje," akasema, "majani yakaota mpaka kwenye viti vya marubani. Nilidhani zote zimekufa. Hii nani anaifuta?"

"Mimi, Papa. Kila Jumatatu, kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu. Hakuna aliyeniagiza."

Akaniita kwa kidole. "Njoo uone panya." Ndani ya tundu kulikuwa na nusu ya koni, na mafundi waliibatiza panya kwa sababu husogea mbele na nyuma ndege inapopita kasi ya sauti, ili hewa iingie kwenye injini kwa adabu. Akaeleza jinsi ndege ya kwanza ya aina hiyo ilivyokuwa ndogo na injini dhaifu, wakairefusha, wakaipa nguvu, wakaipa rada. Jinsi mabawa yale ya pembetatu yanavyopaa kwa dakika chache tu lakini yakitua yanataka mwavuli mkiani wa kuyavuta nyuma yapunguze kasi. Sipho mwenyewe akaketi kusikiliza, Furaha akimtafsiria huku anajifuta machozi. Hakuwahi kumsikia baba yake akizungumza hivyo.

Posa ilikubaliwa baada ya wiki tatu, kwa sharti kwamba kila Jumapili nimpigie mzee simu anifundishe ndege. Na mimi tangu siku ile, hata mtu akiniuliza njia ya kwenda La Rochelle, mtaa ninaoishi mwenyewe, namwambia: ngoja kwanza, tumuulize anayejua.