Nyuma ya Jumba la Akademia

Hasira yangu ilianza na picha. Mwalimu wa binti yangu, wa mwaka wa nne wa primeri, aliwapa watoto wote picha moja ya jumba la akademia ya sayansi ya taifa, lile la kule mji mkuu, lenye nguzo na mnara. Kila mtoto atengeneze jumba hilo kwa maboksi. Litakalopendeza kuliko yote litawekwa kwenye meza ya mlangoni siku ya wazazi. Binti yangu aliitaka hiyo meza kuliko Noeli.

Picha ilionyesha mbele tu. Jumba lote la wenye akili wa nchi hii, na sisi wa Likasi tunapewa uso wake, tena fotokopi iliyofifia! Nilifoka mpaka mtoto akaniuliza:

"Mama, kule nyuma kuko nini?"

"Minye nitajua wapi? Nilishafika?"

"Basi niache wazi?"

"Nyumba gani inaachwa wazi nyuma? Mwizi ataingia!"

Tukajenga. Mnara ulikuwa mkebe wa maziwa, na nguzo za mbele nilizikunja mwenyewe kwa boksi. Nyuma tukaweka kile ambacho kila nyumba ya mtaa wetu wa Kikula inacho: mbabula, jiko la makaa, ya waya wa shaba, yenye makala ya kweli ndani, na kamba ya nguo. Juu ya kamba binti alianika koti jeupe la mtaalamu, dogo kama kidole. Tulicheka mpaka gundi ikatukaukia mikononi.

Siku ya wazazi mwalimu aliizungusha kazi yetu, akaguna.

"Mama, bantu ba sayansi habapikake na mbabula."

"Weye Madame, ulishaona nyuma yake?"

"Hapana, lakini..."

"Courant ya umeme ikikatika banakula nini? Banakula diplome?"

Wamama waliokuwa nyuma yangu wakapiga vigelegele. Minye sikucheka. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa, anang'oa makala moja moja.

Mwalimu naye akamwona. Akamshika mkono.

"Acha, usitoe. Hii koti ni ya nani?"

"Ni yangu," mtoto akasema polepole. "Nimeifua. Kesho niko na kazi mule ndani."

Mwalimu alilibeba jumba mwenyewe mpaka kwenye meza ya mlangoni, akaligeuza, nyuma ikatazama watu. Wazazi walisukumana kuona koti na mbabula, na binti yangu akasimama pembeni kama mwenye nyumba.

Nguzo zangu, nilizozikunja mpaka vidole vikauma, zikabaki zinatazama ukuta. Hilo nalo sijamsamehe mwalimu.