Risasi Zilizokataa Kuingia

Mume wangu alikuwa dereva wa meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba. Miaka michache baada ya Uhuru, yule meneja alifunga mizigo yake kurudi Ulaya, na akamwachia mume wangu vitu ambavyo hakuna dereva mwingine Busia aliyekuwa navyo: mashine ya mkono ya kujazia risasi, mikebe ya baruti, fataki na vichwa vya risasi, mkebe uliojaa maganda matupu, na karatasi ya kueleza baruti ipimwe kiasi gani. Bunduki alikuwa nayo yake mwenyewe, yenye leseni. Chifu alimdhamini aipate kwa ajili ya kufukuza nguruwe mwitu walioharibu mashamba ya watu.

Mimi nilikuwa mshonaji. Nilikuwa na cherehani kwenye baraza ya duka karibu na mpaka, na wateja wangu wengi walikuwa akina mama wa upande wa Uganda waliotaka kushonewa busuti, yale magauni yao marefu ya mshipi kiunoni. Mambo ya bunduki sikuyajua. Lakini mume wangu alikuwa na mikono ya usukani, minene na yenye haraka, na kila alipomimina baruti kwenye ganda, nusu ilikwenda mezani. Siku ya tatu nilimwondoa kitini nikakaa mimi.

Kazi yenyewe ilinipendeza. Risasi ikishapigwa hubaki ganda la shaba. Unalipaka mafuta kidogo, unaliingiza kwenye mashine na kuvuta mkono wa chuma, na kalibu, yaani mfuko wa chuma uliofungwa juu ya mashine, inalibana lirudie umbo lake. Kisha unaweka fataki mpya, kile kidude cha kuwashia baruti, kitakoni, unamimina baruti iliyopimwa, unakandamiza kichwa cha risasi mdomoni, basi, risasi imezaliwa upya. Mume wangu ndiye aliyeifunga ile mashine kwenye meza ya jikoni, akasema yuko tayari kuapa kwamba ameifunga kama alivyokuwa akiifunga meneja. Tulijaza risasi ishirini na mbili. Nilizipanga dirishani nikaziangalia kama mtu aliyeoka mikate.

Wiki hiyohiyo mama mkwe alituma salamu kutoka Marachi kwamba nguruwe wanamaliza mihogo yake. Tulipanda baiskeli Ijumaa, mimi nyuma na bunduki imefungwa kwenye gunia, na Jumamosi alfajiri tulikuwa kwenye ukingo wa shamba, sisi watatu. Mama mkwe hakukubali kubaki nyumbani. Alisema mihogo ni yake na nguruwe ni wake.

Walikuwepo kweli, watano, wakichimba kwa pua bila wasiwasi wowote. Mume wangu alitia risasi, akasukuma mbele boliti, kile chuma cha kufungia risasi ndani. Ilikwenda, ikasimama. Ilibaki nafasi ya upana wa kidole na haikutaka kufunga. Akasukuma tena. Akaivuta, akatoa risasi, akatia nyingine. Ikasimama palepale.

"Wewe," mama mkwe akanong'ona, "unangoja washibe?"

"Haiingii, mama."

"Nini haiingii?"

"Risasi."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akawatazama nguruwe, akainuka akaokota bonge la udongo akalirusha huku akipiga ukelele. Nguruwe walikimbia wote. Kisha akageuka akasema, kwa utulivu kabisa, "Ona. Yangu imeingia." Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye umande, na mume wangu alikanyaga pedali kwa hasira njia nzima ya kurudi Busia.

Jumatatu mama mkwe alishuka kwenye basi na kikapu chake, akatangaza kwamba hatarudi Marachi mpaka bunduki ipone.

Mume wangu alianza kwa kulaumu uchafu. Alisugua bunduki ndani kwa tambaa na mafuta mpaka ungeweza kujiona humo. Kisha akaitoa nyuma ya nyumba, akaelekeza mdomo wake kwenye kichuguu, akajaribu risasi moja ya dukani aliyokuwa ameiweka akiba. Boliti ilifunga vizuri. Akaitoa, akajaribu mojawapo ya zetu. Ikagoma. Basi bunduki haikuwa na kosa, na hapo nilianza kuhisi macho yakinigeukia.

"Labda umeacha kichwa kimetokeza sana," alisema.

Niliweka risasi yetu na ya dukani wima mezani, bega kwa bega. Vichwa vilikuwa sawa. Hata hivyo sikutaka kubishana kwa macho tu. Nilichukua ganda tupu lililokwisha kubanwa, lisilo na fataki wala baruti wala kichwa, nikamwambia ajaribu hilo. Nalo likakataa.

"Sasa kichwa kiko wapi hapo?" nilimuuliza. Mama mkwe alicheka akiniunga mkono, na nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Mume wangu alipanda baiskeli akaenda Malaba kumwona rafiki yake, fundi mmoja wa mitambo aliyesifika kwa kutengeneza chochote chenye chuma. Alirudi jioni amefurahi. Fundi alikuwa amesema kwamba chemba, yaani ile sehemu ya bunduki inayopokea risasi, ni nyembamba mno, ipanuliwe kidogo kwa keekee.

"Hapana," nilisema.

"Wewe unajua bunduki kuliko fundi?"

"Sijui bunduki. Lakini mteja akija na nguo inayobana, siendi kumkata mteja."

Aliegemeza bunduki ukutani. Alikuwa mtu mwenye haki, hata akiwa amekasirika, na hilo ndilo lililonifanya niolewe naye.

Nguo inapobana, kwanza unatafuta mahali inapobana. Chaki yangu haikushika kwenye shaba, kwa hiyo niliwasha koroboi, nikalizungusha lile ganda tupu juu ya moshi mpaka likawa jeusi lote kwa masizi. Mume wangu aliliingiza kwenye chemba taratibu, akasukuma boliti mpaka ilipogoma, akalitoa. Tulilipeleka mlangoni penye mwanga. Shingoni masizi yalikuwepo. Begani yalikuwepo. Lakini chini, karibu na kitako, palikuwa na mviringo uliosuguliwa ukang'aa.

"Hapo!" mama mkwe akasema, kana kwamba amemwona mwizi.

Lilikuwa nene chini. Kalibu ilibana juu ikaacha tumbo. Tulirudi kwenye mashine, nikainama kutazama mume wangu akivuta mkono, na nikaona kwamba hata ganda lilipopanda mpaka mwisho, palibaki upenyo kati ya kalibu na kile kikalio cha chuma kinachobeba ganda. Kalibu ilikuwa imefungwa juu mno. Haikufika chini.

"Lakini ndivyo meneja alivyoifunga," mume wangu alisema. "Na zake ziliingia."

"Ziliingia kwenye bunduki gani?"

Aliweka mkono kichwani. Meneja alikuwa na bunduki ya zamani ya jeshi, ya risasi aina ileile, lakini chemba yake ilikuwa pana kama kiatu cha kaka yako. Maganda yakipigwa humo yalivimba kufuata upana huo, na yeye aliyabana shingoni tu, kwa kuwa yalikuwa yanarudi kwenye bunduki ileile. Bunduki ya mume wangu ilikuwa ya kuwindia, mpya, iliyobana.

"Lakini mimi nilikuwa na mkebe wangu wa maganda yangu mwenyewe," alisema polepole. "Yalikuwa pembeni."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kabla hatujaanza, nilikuwa nimeyaosha maganda yote kwa majivu na ndimu, na kwa kuwa yalifanana, niliyamwaga yote, yake na ya meneja, kwenye beseni moja.

Ningeweza kunyamaza. Nilisema. Nilisema haraka, macho kwenye meza.

Mume wangu akacheka, kile kicheko chake cha kuanzia kifuani. "Mimi nimefunga mashine vibaya, wewe umechanganya maganda. Na fundi wa Malaba angetoboa bunduki. Tungekuwa watu watatu wa kufungwa."

Tulizivunja zile risasi ishirini na mbili kwa koleo, moja moja, bila haraka, nikarudisha baruti kwenye mkebe wake. Kisha mume wangu akaizungusha kalibu kuelekea chini mpaka ikagusa. Sasa kazi ikawa nzito. Alipovuta mkono wa chuma, meza nzima iliinuka upande mmoja. Tuliweka gunia la mahindi juu yake, ikainuka tena. Mama mkwe, ambaye hakuwa mwembamba, aliondoa gunia akakaa mwenyewe, akatandaza leso zake, akaendelea kuchambua maharagwe mapajani. Meza haikusogea tena. Kila ganda lililobanwa alilitikisia kichwa kama mtu anayepokea sadaka, na mume wangu alilijaribu likiwa tupu kabla sijalijaza. Yaliingia yote isipokuwa mawili, ambayo tuliyatupa.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tena kwenye umande wa Marachi. Nguruwe walikuja watatu. Mume wangu alisukuma boliti, nami nilisikia mlio mdogo wa kufunga, laini, na nikagundua kwamba nilikuwa nimeshika mkono wa mama mkwe kwa nguvu. Risasi ya kwanza ilikata muhogo. Ya pili ilimwangusha dume mkubwa palepale, na wengine hawakuonekana tena shambani humo mpaka mavuno.

Majirani walikuja na visu na sufuria. Jamaa mmoja mzee alimsifu mume wangu kwa jicho lake, na mume wangu akamwambia, mbele ya watu wote, "Jicho si kitu. Risasi hizo kashona mama watoto." Wanaume walidhani ni mzaha. Wanawake walinitazama, kisha mmoja wao akanisogezea kigoda karibu na moto na kunikatia kipande cha ini.