Shikamoo Kutoka Ndani ya Mashine

Miwani yangu ilibadilishwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na bado kila herufi ubaoni ilikuwa na kivuli chake. Daktari akahisi konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, imelegea. Kama ni kweli, ingezidi kuchongoka, nami ningeacha shule niende kutibiwa Dar. Niliogopa sana. Tatizo ni kwamba mimi nikiogopa nacheka.

Kipimo chenyewe ni raha tupu: mashine inapuliza jicho upepo, pfu!, huku kamera ikipiga picha za haraka kuona konea inavyobonyea na kurudi. Ikibonyea sana, imelegea.

"Kidevu hapa. Usitikisike," akasema kaka mpimaji.

Mlango ukafunguka, akaingia mzee akiulizia dirisha la dawa. Kwetu Igalula msichana hamwamkii mtu mzima amekaa kama gogo. Kabla sijawaza nilishainuka, goti chini.

"Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu."

Upepo ukapiga hewani. Tukaanza upya, akaingia nesi mtu mzima. Goti tena! Safari hii kamera ikapata nyusi.

"Mdogo wangu, leo tunapima macho au magoti?"

Nilicheka mpaka kigoda kikalia. Bibi yangu, aliyenisindikiza, akatoka akasimama mlangoni kama askari. Nikamsikia akimwambia kila anayekuja, "Mke mwenzangu anasema shikamoo, ila yuko ndani ya mashine."

"Marahaba! Mwambie nimeipata!" mtu akajibu.

Nikauma ulimi nisicheke. Pfu!

Kwenye skrini konea yangu ikabonyea kidogo, ikarudi mahali pake. Kaka akarudia kuitazama.

"Iko imara. Haijalegea. Una aleji, unafikicha macho mno. Acha hiyo tabia, tutakupa dawa na miwani inayokufaa."

Mimi ambaye darasani sinyooshi mkono, nilipiga kigelegele! Halafu nikaona aibu, nikakimbilia mlangoni kujificha nyuma ya bibi.

"Bibi, hatuendi tena Dar!"

"Alhamdulillahi," akasema, kisha akanigeukia. "Na begi la watu nililoazima?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikapeleka mkono kuyafuta, bibi akauchapa.

"Yaache yatiririke!"