Walipoziba Pa Kuvukia

Nyumba yetu Bawshar, hapa Maskat, na nyumba ya mdogo wake bibi zilikuwa zinatazamana, barabara kuu katikati. Palikuwa na uwazi pale, magari yanageuzia na watu wanavukia. Kila siku baada ya alasiri bibi alijifunga buibui akavuka, akaingia kwa mdogo wake mlango wa nyuma mpaka jikoni, wakakaa chini kwenye jamvi wakazungumza mpaka magharibi.

Kisha mume wa huyo mdogo wake, tuliyemwita bibi mdogo, akafariki. Akaingia eda, hatoki nje. Arubaini haijafika, wakaja watu na matofali makubwa ya zege, wakaziba uwazi na kuweka uzio wa chuma juu yake. Baba akasema vizuri, watu walikuwa wanagongwa pale. Kweli walikuwa wanagongwa. Lakini hakuna aliyejenga daraja. Kwenda ng'ambo ikawa ufate barabara mpaka raundabauti, ungojee foleni, urudi upande wa pili, na magari yaliyokwepa foleni yakaanza kupita kwa kasi kwenye kichochoro chetu, watoto wakafungiwa ndani.

"Mpigie simu, bibi," kaka yangu akasema. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha gari la baba.

"Simu inashika mkono? Mwenzangu yumo edani, hawezi kuja. Mimi nsende?"

"Ijumaa ntakupeleka."

Ijumaa akalala. Ijumaa nyengine alikuwa na wageni. Bibi alikuwa anavaa buibui anakaa ukumbini, halafu analivua mwenyewe, analikunja. Mimi ndo nilikuwa nasema.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, niko nyumbani tu. Nikamwambia baba nataka leseni. Akacheka, akakubali. Mtihani wa kwanza unarudi kinyumenyume baina ya mapipa, nikaangusha pipa. Mara ya pili nikaangusha tena.

"Mapipa yote ya Maskat yanakujua," kaka akasema.

"Na wewe bibi yako hakujui."

Baba akanambia ninyamaze.

Katika eda yote ile kaka alimpeleka bibi mara chache, za kuhesabika kwa vidole, na kila mara alimngojea nje huku anapiga honi. Bibi mdogo alikaa na majirani wa upande wake. Hao ndo waliompikia, hao ndo waliolia naye.

Nilipopata leseni, eda ishakwisha. Siku ya pili tu nikachukua gari la baba, nikamtia bibi, nikapita foleni yote ya raundabauti.

Bibi mdogo alitupokea mlango wa mbele. "Karibuni, karibuni. Leo tumekuoneni." Akatuingiza majlisi, chumba cha wageni, kwenye makochi, akaleta sinia la halua na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Jirani mmoja alikuwa jikoni, anacheka na mtu, anajua sukari iko wapi. Bibi alikunywa kahawa yake kikombe kimoja, akakitikisa kuonesha imetosha. Wakaulizana hali, za nyumbani, za watoto. Bibi mdogo akatufukiza udi nguoni, kama anavyoagwa mgeni, akatusindikiza mpaka garini.

Njiani nilikuwa najisikia mshindi, mjinga mie. Nikamuuliza, "Bibi, kesho nikulete tena?"

Alikuwa anatazama dirishani.

"Kwani wametualika?" akasema.